Je, wajua? Mjusi wa Tendaguru aliishi kando ya bahari

Kiunzi cha mifupa kilichosimama katika makumbusho ya viumbe mjini Berlin kina kimo cha mita 13.27, na asili yake ni Lindi. Wanasayansi humwita dinosaria huyu Giraffatitan brancai. Kwetu ni mjusi wa Tendaguru. Mjusi gani huyo, ambaye mfupa mmoja tu wa mkono, kutoka begani hadi kiwikoni, unapita mita mbili!

Mwaka 1906 mhandisi Mjerumani, Bernhard Sattler, aliona mfupa mkubwa umechomoza ardhini karibu na kilima cha Tendaguru. Kuanzia 1909 hadi 1913 makumbusho ya Berlin yakachimba huko chini ya Werner Janensch na Edwin Hennig. Waliochimba hasa ni mamia ya vibarua wa Kiafrika, katika nchi iliyokuwa bado inauguza majeraha ya Vita vya Maji Maji. Mifupa iliviringishwa katika vipande vya mianzi, ikapelekwa kwa miguu, mwendo wa siku kadhaa, hadi bandari ya Lindi. Zaidi ya tani 200 zilitoka hivyo.

Lakini mfupa, hata uwe mkubwa namna gani, haukwambii mnyama aliishi mahali pa namna gani. Hilo huulizwa udongo. Pale Tendaguru, tabaka zenye mifupa ya dinosaria zimepishana na tabaka za mchanga wenye makombe ya baharini. Kwa hiyo, miaka milioni 150 hivi iliyopita, bahari ilikuwa ikivamia nchi kisha ikirudi nyuma, zaidi ya mara moja, na kila iliporudi iliacha wangwa na vidimbwi vya maji ya chumvi. Chavua iliyonaswa kwenye matope hayo nayo inaonyesha kwamba jirani palikuwa na miti ya jamii ya misonobari. Kwangu mimi, makombe hayo madogo yana thamani sawa na kiunzi kizima: bila hayo tungebaki na jitu lisilo na kwao.

Na wale vibarua waliochimba? Msimamizi wao mkuu alikuwa Boheti bin Amrani, fundi hodari wa kutambua na kuchimbua mifupa. Jina lake lilikumbukwa kisayansi mwaka 2007, dinosaria mwingine wa Tendaguru alipoitwa Australodocus bohetii.