Kompyuta Mpakato ya Kuhariri Video: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kununua kwa Mkopo

Kwa mujibu wa Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, kila halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Upigaji na uhariri wa video za harusi, mahafali na shughuli za kijamii ni kazi ambayo kikundi cha Kasokola kinaweza kuiandikia mradi. Hata hivyo, kompyuta ikishindwa kazi, deni hubaki palepale, na wanakikundi wote huwajibika kulirejesha.

Kuhariri video ni kazi nzito kuliko kuandika barua. Saa moja ya picha za 4K, zikirekodiwa kwa megabiti 100 kwa sekunde, huchukua takribani GB 45. Baada ya kuhaririwa, kazi hiyo husimbwa, yaani hubanwa upya ili iweze kutazamwa kwenye simu au runinga. Ikisimbwa kwa megabiti 8 kwa sekunde, saa hiyohiyo hubaki na GB 3.6 tu. Hesabu za kuibana ni nyingi mno, na hapo ndipo kompyuta dhaifu huelemewa.

Jambo la kwanza la kukagua ni prosesa. Wanunuzi wengi huridhika wakiona maandishi “Core i7”, ilhali maandishi hayo pekee hayatoshi. Core i7-4600U ya mwaka 2013 ina viini viwili, wakati Core i5-12450H ya mwaka 2022 ina viini vinane. Tarakimu zinazofuata alama ya kistari huonesha kizazi: 4 ni kizazi cha nne, 12 ni cha kumi na mbili. Herufi ya mwisho nayo ina maana: U huashiria prosesa inayobana matumizi ya umeme, na H huashiria iliyoundwa kwa kazi nzito. Aidha, Windows 11 haiziungi mkono prosesa nyingi za Intel zilizotangulia kizazi cha nane, na Microsoft ilihitimisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta zilizokwishatumika zikaguliwe kwa makini katika jambo hili.

Pili ni RAM. Kwa video za Full HD, GB 16 zinafaa. Kwa 4K, GB 32 ni bora. Muuzaji aulizwe kama RAM inaweza kuongezwa, kwani katika baadhi ya kompyuta huwa imeunganishwa moja kwa moja kwenye ubao na haibadilishiki.

Tatu ni hifadhi. Diski iwe ya SSD, isiyopungua GB 512. Bajeti ijumuishe pia diski ya nje ya kutunzia nakala, kwa kuwa harusi ya mteja haiwezi kurudiwa ili irekodiwe tena.

Nne ni kadi ya picha. Kadi za NVIDIA za miaka ya karibuni zina sehemu maalumu ya kusimba video, na prosesa nyingi za Intel zenye kadi ya picha ya ndani zinayo pia. Sehemu hiyo hupunguza sana muda wa kusubiri.

Kabla ya kulipa, mnunuzi abonyeze Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, kisha afungue sehemu ya utendaji. Hapo ataona jina kamili la prosesa, kiasi cha RAM na aina ya diski. Vilevile ajaribu kusimba video ya dakika kumi, akiangalia kama kompyuta inapata joto kupita kiasi au kujizima. Adai risiti ya EFD na hati ya dhamana.

Programu nazo zipangiwe hesabu. Kdenlive ni ya bure, na DaVinci Resolve ina toleo la bure. Adobe Premiere Pro hulipiwa kwa vipindi.

Vikundi vinavyokusudia kuomba mkopo vinashauriwa kuonana na Afisa Maendeleo ya Jamii wa Kata kabla ya kuandaa andiko la mradi, vikiwa na sifa kamili za kompyuta inayohitajika na bei kutoka kwa wauzaji zaidi ya mmoja.