FUNGA GURUDUMU, LINDA TELA LAKO

Tela la trekta halina injini. Halina mlango wala ufunguo wa kuliwasha. Lina magurudumu, bodi na mkono wa kuvutia. Mtu mwenye trekta au gari akilikuta nje usiku, analifunga nyuma na kuondoka nalo. Tela dogo la pawatila likiwa tupu, hata watu watatu wanaweza kulisukuma mpaka barabarani.

Kwa sababu hiyo, mkulima anayeacha tela nje bila kulifunga anaacha mali yake mikononi mwa kila mpita njia.

Tuchukue mfano. Wakulima kumi wamechanga pesa wakanunua pawatila na tela lake. Wanabeba mahindi, mpunga, kuni, matofali na maji. Usiku mmoja tela linaibwa. Asubuhi mahindi yamo shambani, mvua inakuja, na hakuna cha kuyabebea. Wakikodi gari, faida yao inapungua. Wakibeba kichwani, siku nyingi zinapotea. Na jambo baya zaidi, wanachama wanaanza kutazamana kwa mashaka. Kikundi kinaweza kuvunjika.

Kinga ya hasara hiyo ni mnyororo mzuri, kufuli imara, na kazi ya dakika chache kila jioni.

MAZINDE NI NJIANI

Sisi wa Mazinde tuna sababu ya kujihadhari zaidi. Mahali petu ni pa njiani tangu zamani. Katika karne ya 19 misafara ya kutoka Pangani ilipita hapa chini ya milima ya Usambara ikielekea bara. Semboja, mtawala wa ukoo wa Wakilindi, aliweka makao yake Mazinde, akaitawala njia hiyo ya tambarare. Kisha ikaja reli kutoka Tanga. Ilifika Mombo mwaka 1905, na Moshi mwaka 1911. Leo barabara kuu ya lami inapita hapa hapa. Magari yanapita usiku na mchana.

Njia hii inatuletea biashara. Lakini pia kitu chenye magurudumu kikiibwa saa nane za usiku, alfajiri kinaweza kuwa mkoa mwingine. Anayekaa kando ya barabara kuu hana muda wa kukimbiza. Lazima afunge mapema.

KUFULI LA GURUDUMU NI NINI?

Huenda umewahi kuona mjini gari lililoegeshwa vibaya. Gurudumu lake limefungwa chuma, na dereva hawezi kuondoka mpaka alipe. Hilo ndilo kufuli la gurudumu. Gurudumu lisipozunguka, gari haliendi.

Huko Uingereza watu wengi wana nyumba ndogo za magurudumu. Wanazivuta kwa gari wanapokwenda kutembea. Wakirudi, wanaziegesha nje kwa miezi mingi. Nyumba hizo huibwa kama matela yetu, maana mwizi huleta gari lake akavuta. Kwa hiyo wenyewe hufunga kufuli kwenye gurudumu na jingine kwenye mkono wa kuvutia. Makampuni mengi ya bima huko hayakubali kulipa kama makufuli hayo hayakufungwa.

Kuna aina mbili kubwa za kufuli la gurudumu.

Aina ya kwanza ni chuma kinachokumbatia tairi kwa nje. Ni rahisi kufunga. Lakini kama kinashika tairi tu, mwizi anaweza kutoa upepo wa tairi akakivuta. Au anaweza kufungua nati, akalivua gurudumu lililofungwa na kuweka jingine. Chuma kizuri cha aina hii kina bamba linalofunika nati zote, ili spana isizifikie.

Aina ya pili inapita katika tundu la gurudumu na kushikamana na chuma cha nyuma yake, karibu na ekseli. Hii ni ngumu zaidi kuibiwa, kwa sababu gurudumu linakuwa kitu kimoja na tela lenyewe.

Makufuli ya dukani ya aina hizi si rahisi kupatikana vijijini. Lakini tunaweza kufuata kanuni ile ile kwa mnyororo na kufuli la kawaida. Kanuni yenyewe ni hii: mnyororo ushike gurudumu, ushike chuma cha tela, na ushike kitu kisichong'oka ardhini.

VIFAA VINAVYOTAKIWA

Tafuta mnyororo wa chuma kigumu. Pete zake ziwe na unene wa milimita 10 au zaidi. Mnyororo mwembamba wa kufungia mbwa hukatwa kwa mkasi wa chuma mara moja.

Tafuta kufuli nene. Chagua lenye upinde mfupi, ili ukilifunga pasibaki nafasi ya kuingiza nondo na kulivunja.

Tafuta kabari mbili au nne za mti mgumu. Mawe makubwa yanafaa pia.

Tafuta mahali pa kufungia. Mti mkubwa ulio hai unafaa. Kama hakuna mti, chimba shimo, simamisha chuma kinene na ukijengee kwa zege. Fundi wa kuchomelea akuwekee pete juu yake. Kwa chuma kilekile fundi huyo anaweza pia kukutengenezea bamba la kufunika nati za gurudumu.

JINSI YA KUFUNGA

Fuata hatua hizi moja baada ya nyingine.

1. Egesha tela mahali tambarare na pagumu, karibu na nyumba. Ukiweza, elekeza mkono wa kuvutia ukutani, ili trekta ya mwizi isipate nafasi ya kuufikia.

2. Weka kabari mbele na nyuma ya gurudumu. Kama mahali pana mteremko, weka kabari katika magurudumu yote mawili, upande wa bondeni. Fanya hivyo kabla ya kulifungua tela kutoka kwenye trekta.

3. Shusha mguu wa mbele wa tela. Kama halina mguu, weka gogo imara chini ya mkono wa kuvutia.

4. Pitisha mnyororo katika tundu la gurudumu. Uzungushe kwenye ekseli au chasisi. Kisha uzungushe kwenye mti au nguzo. Angalia usiubane mpira wa breki wala waya wa taa.

5. Vuta mnyororo mpaka ukaze. Usiuache ulale chini. Mnyororo ukilala juu ya jiwe au ardhi ngumu, mwizi hupata mahali pa kuupiga kwa nyundo au kuukandamizia mkasi.

6. Funga kufuli. Elekeza tundu la ufunguo chini ili maji ya mvua yasiingie. Livute kwa nguvu uone kama limeshika.

7. Chomoa pini ya kuvutia, uiweke ndani ya nyumba. Kama una kufuli la pili, lipitishe katika pete ya mkono wa kuvutia, ili pini nyingine isiweze kuingia.

8. Funga kitambaa chekundu kwenye usukani wa trekta au mpini wa pawatila. Asubuhi dereva akikiona atakumbuka kwamba tela bado limefungwa. Akisahau na kuvuta, anaweza kuvunja gurudumu au kupinda ekseli.

KUFULI SI BREKI

Jambo hili tulishike sana, hasa ndugu zetu wanaoishi juu ya mlima, kama Mazinde Juu, Soni na Lushoto. Kufuli la gurudumu limewekwa kwa ajili ya mwizi. Halikuwekwa kuzuia tela lenye mzigo lisiteremke. Mnyororo ukikatika, au mti ukikwanyuka, tela litashuka na kuua watu. Kabari ndizo zinazolishika tela mahali penye mteremko.

Wakati wa kuondoka, fuata utaratibu huu. Kwanza funga tela kwenye trekta na utie pini. Pili fungua mnyororo. Mwisho ondoa kabari. Ukianza na kabari, tela linaweza kukuponyoka. Watoto wasiruhusiwe kucheza chini ya tela, hata kama limefungwa.

TUNZA KUFULI LAKO

Huku tambarare vumbi ni jingi wakati wa kiangazi. Vumbi likiingia katika kufuli, ufunguo hukwama. Futa kufuli kwa kitambaa kila wiki. Tia tone moja au mawili ya mafuta ya cherehani. Usitie mengi, kwa sababu mafuta na vumbi vikichanganyika huwa tope. Angalia pia pete za mnyororo. Ukiona iliyoliwa na kutu au yenye alama ya msumeno, badilisha mnyororo.

MALI BILA DAFTARI

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Wewe unayejua kusoma na kuandika, tumia elimu yako kulinda tela.

Andika katika daftari namba ya chasisi. Kama tela lina namba ya usajili, iandike pia. Andika rangi yake, alama zake na siku liliponunuliwa. Tunza risiti. Piga picha ya tela kwa simu. Mwambie fundi achomelee herufi za jina lako au la kikundi mahali pasipoonekana kwa urahisi, kama chini ya bodi. Mwizi akipaka rangi mpya, herufi hizo zitabaki.

Kama tela ni la kikundi, amueni katika mkutano nani atunze funguo. Ni vizuri ufunguo mmoja ukae kwa mwenyekiti na mwingine kwa mweka hazina. Kila anayechukua tela aandike jina lake, siku na saa aliyolichukua na aliyolirudisha. Hivyo hakuna atakayeshukiwa bure.

Tela likiibwa, usipoteze saa nzima kulitafuta peke yako. Mjulishe mtendaji wa kijiji na walinzi wa ulinzi shirikishi. Piga simu polisi kwa namba ya dharura 112. Soma namba zako kutoka daftarini. Polisi hawawezi kulitambua tela kwa kuambiwa tu kwamba lilikuwa la bluu.

Na sisi sote tusinunue tela la bei rahisi lisilo na karatasi. Anayenunua mali ya wizi anampa mwizi sababu ya kurudi.

BAISKELI NA PIKIPIKI

Wengi wetu hatuna tela, lakini tuna baiskeli au pikipiki. Kanuni ni ile ile. Ukifunga gurudumu la mbele peke yake, mwizi atalifungua, atakuachia gurudumu na kuondoka na baiskeli. Pitisha mnyororo katika gurudumu, fremu na nguzo. Kwa pikipiki, funga pia usukani kwa ufunguo wake, hata kama unaingia dukani kwa dakika mbili.

Ndugu zangu, hakuna kufuli lisilovunjika kabisa. Lakini mwizi anapenda kazi ya haraka na ya kimya. Akikuta mnyororo mnene, kufuli mbili, kabari, na jirani aliye macho, ataona kazi ni ndefu na atapita. Jioni hii, kabla ya kulala, nenda ukalitazame tela lako.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini haitoshi kufunga tairi peke yake?

2. Katika kijiji chetu, matela na pikipiki hulala wapi? Je, mahali hapo pana mwanga na watu wa karibu?

3. Nani anatunza funguo na daftari la kikundi chetu?