Oili, mafuta na kilainishi: lugha ya kubadili oili ya pikipiki nyumbani

"Pikipiki imeishiwa mafuta." "Pikipiki imeishiwa oili." Sentensi hizi mbili hutofautiana kwa neno moja tu, lakini matokeo yake hayalingani. Katika hali ya kwanza dereva husukuma pikipiki hadi kituoni, akaongeza petroli na kuendelea na safari. Katika hali ya pili vyuma vya ndani husagana vikiwa vikavu, vikapata moto na kushikana, na injini, kwa lugha ya mafundi, ikawa "imenoki". Hata hivyo, katika tafsiri nyingi za vitabu vya maelezo nomino hizi hupokezana nafasi kana kwamba ni visawe. Makala haya yanafuata kazi ya kubadili oili nyumbani, hatua kwa hatua, na kuonyesha mahali ambapo uteuzi wa neno huamua kama kazi itafanyika sawasawa.

Nomino tatu zisizo visawe

*Mafuta* (ngeli ya YA-YA) ni neno pana. Kuna mafuta ya kula, mafuta ya taa, mafuta ya nazi na mafuta ya kujipaka. Neno hili likitumika peke yake katika muktadha wa vyombo vya moto, msikilizaji huelewa petroli au dizeli: "kituo cha mafuta", "bei ya mafuta", "kujaza mafuta". Kwa hiyo agizo "jaza mafuta hadi alama ya juu" linaweza kumwelekeza msomaji kwenye tangi badala ya injini. Upana wa neno hili una hatari nyingine pia. Kimiminika kinachoitwa "mafuta ya breki" si oili, na anayeongeza oili ya injini mahali pake huharibu mipira ya breki.

*Oili* (ngeli ya I-ZI) ni neno la mkopo kutoka Kiingereza, na maana yake katika gereji ni finyu: kimiminika kizito kinacholainisha, kupoza na kusafisha sehemu za ndani za injini. Ufinyu huo ndio faida yake. Mtunzi anayetaka Kiswahili kisicho na mkopo anaweza kuandika "mafuta ya injini", mradi asilifupishe kuwa "mafuta" katika aya zinazofuata. Upatanisho wa kisarufi nao uzingatiwe: "oili imechafuka", lakini "mafuta ya injini yamechafuka". Anayechanganya nomino hizi mbili katika maandishi huishia na sentensi kama "mafuta imechafuka", ambayo husikika katika mazungumzo lakini haikubaliki katika Kiswahili sanifu.

*Kilainishi* (ngeli ya KI-VI) ni istilahi ya nyaraka rasmi. Hujumuisha oili, grisi na vilainishi vya mnyororo. Hufaa katika sheria au tangazo la biashara. Katika maelekezo ya kazi haitoshi, kwa kuwa msomaji hutaka kujua ni kilainishi kipi.

Kabla ya kufungua

Vifaa vinavyohitajika si vingi: spana inayoenea sawasawa kichwa cha boliti, beseni ambalo halitarudi jikoni, faneli, tambara, glavu, washa mpya na oili mpya. *Washa* hapa ni nomino, yaani kipete chembamba cha shaba au alumini kinachokaa chini ya kichwa cha boliti ili oili isivuje. Kwa kuwa umbo hilohilo ni kitenzi, kama katika "washa injini", ni vyema nomino ielezwe inapotajwa mara ya kwanza.

Kiasi na aina ya oili husomwa katika kitabu cha pikipiki husika. Pikipiki nyingi za bodaboda zenye injini ya sentimita za ujazo 100 hadi 150 huchukua takriban lita 1, lakini "takriban" si kipimo cha kujazia. Alama kama 20W-50 au 10W-30 huonyesha uzito wa oili inapokuwa baridi na inapopata moto. Herufi W imetokana na neno la Kiingereza lenye maana ya majira ya baridi. Alama hizi hazitafsiriwi. Mfasiri huzinakili zilivyo, kwa sababu msomaji atazitafuta zilivyo kwenye kopo.

Vivyo hivyo kwa alama ya JASO MA. Katika pikipiki nyingi oili moja huhudumia injini, gia na klachi, na sahani za klachi huzama ndani ya oili hiyo. Baadhi ya oili za magari huwa na viungo vya kupunguza msuguano ambavyo huweza kuifanya klachi iteleze. Alama ya MA huonyesha kwamba oili imekidhi kiwango cha klachi ya aina hiyo. Mfasiri akiidondosha, amedondosha onyo.

Kufungua na kukinga

Injini huwashwa kwa dakika mbili au tatu ili oili iwe nyepesi na ibebe uchafu, kisha huzimwa. Bomba la moshi huwa la moto, na oili yenyewe huweza kuunguza ngozi, kwa hiyo husubiriwa kidogo. Pikipiki husimamishwa wima kwa stendi ya kati, ambayo wengi huiita stendi kubwa, mahali palipo sawa. Kifuniko cha kujazia hulegezwa ili hewa ipite, na beseni huwekwa chini ya injini.

Kinachofunguliwa chini ya injini ni *boliti*, yaani chuma chenye hesi kwa nje, ingawa mafundi wengi hukiita "nati ya oili". Nati, kwa maana yake halisi, ndiyo yenye tundu na hesi kwa ndani. Katika maandishi inafaa kuandika "boliti ya kutolea oili", na kutaja mara moja jina la gereji ili msomaji asipotee. *Hesi* lenyewe ni neno la kamusi kwa ile mistari inayozunguka boliti. Gerejini husikika zaidi "meno" au "thredi".

Agizo "zungusha kushoto" halitoshi hapa. Boliti hutazama chini, na anayeizungusha akiwa ameinama juu yake huiona kinyume. Huandikwa: "zungusha kinyume cha mwendo wa saa, ukiwa umekitazama kichwa cha boliti." Nyongeza hiyo fupi huokoa hesi, kwa sababu anayekosea upande huikaza boliti akidhani anailegeza.

Oili ikishatoka, huachwa idondoke hadi tone la mwisho. Hapo ndipo kitenzi huhitaji uangalifu. Gerejini husemwa "kumwaga oili", na kwa fundi maana yake ni kuitoa yote ndani ya injini. Lakini *kumwaga* kwa msomaji wa kawaida ni kukitoa kitu chomboni kiende ardhini. Kiswahili kina kitenzi bora kwa kazi hii: *kukinga*, kama mtu akingavyo maji ya mvua kwenye pipa. "Kinga oili yote katika beseni" hueleza kazi na mwisho wake kwa pamoja.

Kukaza, kujaza na kupima

Injini zenye chujio la karatasi hubadilishiwa chujio kwa ratiba ya kitabu, na zenye wavu wa chuma huoshewa wavu huo. Boliti husafishwa, huvishwa washa mpya na kurudishwa kwa vidole kwanza, ili hesi zikutane bila kulazimishwa. Ndipo spana hutumika. Agizo "kaza sana" ni hatari, kwani mwili wa injini kwa kawaida ni wa alumini, iliyo laini kuliko chuma cha boliti, na hesi zake zikilika matengenezo huwa ya gharama. Kitabu kikitoa kipimo cha ukazaji, kinukuliwe. Kisipotoa, huandikwa: "kaza hadi washa ibanwe, kisha ongeza kidogo tu."

*Kuongeza* na *kubadili* pia visichanganywe. Kuongeza ni kufidia oili iliyopungua, na uchafu wa zamani hubaki ndani. Kubadili ni kuitoa yote na kuweka mpya. Mwenye pikipiki anayeongeza mwaka mzima akiamini amebadili huiharibu injini taratibu.

Oili mpya hutiwa kwa faneli, pungufu kidogo ya kiasi kilichoandikwa. Injini huwashwa kwa dakika chache, huzimwa, kisha hupimwa baada ya oili kutulia. Kijiti cha kupimia kina mtego wa kilugha: katika pikipiki nyingi *huingizwa* tu na kuegemea tundu, lakini katika nyingine *hufungwa* hadi mwisho kabla ya kusomwa. Vitenzi hivi viwili hutoa vipimo viwili tofauti, na mfasiri hana ruhusa ya kubahatisha.

Oili chafu

Oili iliyotumika ina masalia yenye sumu, na kugusana nayo mara kwa mara hudhuru ngozi. Mazoea ya kuipaka kwenye nguzo dhidi ya mchwa hayaifanyi kuwa salama, kwani mvua huipeleka kwenye udongo na visima. Huhifadhiwa katika dumu lenye kifuniko na kupelekwa kwa anayekusanya oili chafu, kama vile gereji au kituo cha mafuta kinachoipokea.

Tofauti yote iliyojadiliwa inaonekana katika sentensi mbili. Ya kwanza: "Mwaga mafuta, weka mafuta mengine, kaza sana." Ya pili: "Kinga oili chafu katika beseni, rudisha boliti na uikaze kwa kiasi, kisha tia oili mpya na upime." Fundi mzoefu ataielewa hata ya kwanza, kwa kuwa mikono yake inajua kilichokusudiwa. Anayefanya kazi hii nyumbani kwa mara ya kwanza ana maneno tu ya kumwongoza.