Miungu, Mizimu na Silaha Iliyotiwa Dawa

Mfasiri wa riwaya ya fantasia aiitapo miungu iliyosahauliwa "mashetani", huwageuza mabibi wa wanafunzi wetu wa Biharamulo kuwa waabudu shetani. Wazinza wa huko huwajua Bachwezi, akiwamo Lyangombe, kuwa ni wenye kuombwa na wenye kumpanda mtu. "Mizimu" nayo haitoshi: mzimu aghalabu ni wa ukoo, hali Lyangombe hutajwa hadi Rwanda. Tunapendekeza "miungu", kwa herufi ndogo. Imana wa Wahangaza wa Ngara ni Mungu, asichanganywe nao.

Ama ile silaha ya hatari, isiitwe ya "mazingaombwe", maana hayo ni kiinimacho tu. Na "ya kichawi" humhukumu mwenye nayo mapema mno. Twapendelea "iliyotiwa dawa", kama maji ya Kinjikitile yalivyoitwa dawa mwaka 1905. Sumu ibaki sumu.