Fahamu: Kompyuta kuukuu huhuishwaje?

Tangu Microsoft ilipositisha, tarehe 14 Oktoba 2025, huduma ya kawaida ya kuilinda Windows 10, wenye kompyuta kuukuu za mezani, wa Pasiansi, Mwanza, na kwingineko, wamekabiliwa na suala la kuzitupa ama kuzihuisha. Nami naona kuzitupa ni israfu, hasa hapa Tanzania, ambako kompyuta ziliwahi kuwa adimu hata mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku uingizaji wake.

Fundi mwenye maarifa huanza kwa kupuliza vumbi na, huku kando ya Ziwa Victoria, wadudu wadogo waliokaukia katika feni. Kisha huzikagua kapasita, ambazo zikiwa zimevimba vichwa hazina budi kubadilishwa, na betri ya volti 3 ambayo, ikiisha, tarehe na saa hupotea.

Ama kuharakisha prosesa kupita kadiri ya mtengenezaji, mfano mashuhuri ni Celeron 300A ya mwaka 1998, ambayo mapigo ya mfumo yalipopandishwa kutoka megahezi 66 hadi 100, yenyewe ilitoka 300 ikafika 450. Lakini kasi huzidisha joto, na joto lisipoondolewa hukiangamiza chombo. Basi, kabla ya kuthubutu, hifadhi nyaraka zako mahali pengine.