Umebadilishiwa diski ya laptopu? Usilipie Windows mara ya pili

Laptopu nyingi tunazotumia hapa Pwani ni za mkono wa pili. Zimeshatumika miaka kadhaa katika ofisi za Ulaya kabla ya kufika Mombasa, na mara nyingi kinachochoka mapema ni diski, hasa ile ya zamani yenye sahani zinazozunguka. Kutia diski mpya ya SSD ni kazi ya bisibisi na muda mfupi, na mashine iliyokuwa ikikuacha unywe chai hadi uimalize ndipo iwake, sasa huwaka upesi. Hilo sina ugomvi nalo. Ugomvi wangu uko kwa kinachofuata. Diski mpya ni tupu, na hapo ndipo unapoambiwa, "Sasa kuna pesa ya Windows."

Pesa hiyo, mara nyingi, hudaiwi. Leseni ya Windows haikai kwenye diski. Laptopu iliyotoka kiwandani na Windows 8 au mpya zaidi, kwa kawaida ufunguo wake umehifadhiwa ndani ya mothabodi. Na kama mashine iliwahi kuwa na Windows 10 halali, Microsoft huikumbuka kwa mothabodi hiyo hiyo. Ukiweka upya Windows ya aina ileile kisha ukaunganisha intaneti, inajithibitisha yenyewe. Neno "aina ileile" lisikupite: laptopu nyingi za ofisini zilikuwa na Pro, na ukiweka Home haitakubali, nawe utadhani leseni imepotea.

Mlipe fundi kwa jasho lake, maana kazi ni kazi. Lakini akitoa flashi yenye Windows "iliyofunguliwa", na kukuambia kinga ya virusi izimwe kwanza, mkatalie. Hujui nani aliichezea programu ile wala aliacha nini ndani, na laptopu hiyohiyo ndiyo utakayofungulia akaunti ya benki na ukurasa wa KRA.

Kazi yenyewe unaweza kuifanya nyumbani. Tafuta kompyuta nyingine nzima na flashi ya GB 8 au zaidi isiyo na kitu muhimu, kwa sababu itafutwa yote. Pakua chombo cha kutengeneza flashi kutoka tovuti ya Microsoft yenyewe. Faili ni kubwa, zaidi ya GB 4, kwa hivyo nenda penye Wi-Fi; bando la siku litaishia njiani. Chomeka flashi kwenye laptopu yako, iwashe huku ukigongagonga F12 kwa Dell na Lenovo nyingi, au F9 kwa HP, kisha uchague flashi. Ukiulizwa ufunguo, chagua kwamba huna. Ukionyeshwa diski, chagua nafasi tupu na uendelee. Diski isipoonekana kabisa, usikimbilie kusema ni mbovu. Zima, toa betri kama inatoka, uisukume tena ikae sawasawa. Hewa yetu ya chumvi nayo hushika kutu kwenye vishikizo, kwa hivyo vipanguse.

Kuna swali gumu zaidi: uweke Windows ipi? Microsoft ilikoma kuihudumia Windows 10 kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haikubali rasmi prosesa za Intel zilizo chini ya kizazi cha nane. Zipo njia za kuilazimisha, lakini sizipendi kwa mashine ya mtu anayeitegemea kwa riziki. Kwa laptopu kongwe yenye RAM ya GB 4, mimi ningeweka Linux Mint, toleo la Xfce. Ni ya bure, inakuja na LibreOffice ya kuandikia barua na kupiga hesabu, na intaneti inafanya kazi kama kawaida. Anayetumia programu maalumu ya uhasibu au ya kudarizi aulize kwanza kama inakubali huko.

Jambo dogo linalosumbua watu wengi: laptopu ikiwaka na kila tovuti ikakataa kufunguka ikidai si salama, tazama tarehe. Betri ndogo ya saa ikifa, mashine hurudi nyuma miaka mingi, na vyeti vya usalama vya tovuti huonekana batili. Rekebisha tarehe, kisha ubadilishe betri hiyo.

Na ile diski ya zamani, idai. Ni mali yako. Ndani yake mna nakala ya kitambulisho, taarifa za M-Pesa, picha za harusi, pengine na nywila zilizohifadhiwa. Kufuta faili hakuziondoi kikweli. Mwenye programu ya kurejesha huzitoa tena. Nunua kasha la USB la diski ya inchi 2.5, uichomeke kwenye laptopu iliyokwisha kuwekwa sawa na kunakili vitu vyako, ukianza na visivyopatikana kwingine. Ikiwa inagonga tik-tik, usiendelee kuiwasha kila saa kuijaribu, kwani kila mzunguko unaweza kukwaruza sahani. Iweke kando hadi upate mtu wa kurejesha data, na mkae naye mkubaliane bei kabla hajaigusa.