Maktaba Isiyoonekana: Kwa Nini Programu ya Kisayansi Hukataa Kuanza

Tuchukue mfano wa mwalimu wa jiografia aliyeko Kichiwa, katika Wilaya ya Njombe, anayetaka kuwaonyesha wanafunzi wake mwenendo wa mvua. Vipimo vya kila mwezi anavyo. Amepewa pia programu ya zamani ya kukokotoa, iliyoandikwa kwa Fortran, lugha iliyotolewa na kampuni ya IBM mwaka 1957 na ambayo wataalamu wa hali ya hewa wangali wakiitumia. Anaiweka katika kompyuta ya Linux, anatoa amri, na badala ya jibu anapata mstari mmoja wa Kiingereza usemao kwamba maktaba libgfortran.so.3 haikufunguka kwa kuwa faili hilo halipo.

Wengi hapo huizima kompyuta na kuilaumu. Kumbe hakuna kilichoharibika.

Katika kompyuta, maktaba ni faili lenye kazi zilizokwisha kuandikwa, kama vile kusoma namba au kujumlisha safu za jedwali. Programu nyingi huazima kazi hizo kutoka faili moja, ili kila programu isibebe nakala yake na kujaza nafasi bure. Kila programu inapoanza, Linux huzitafuta maktaba zake. Ikikosekana moja tu, programu haianzi.

Tarakimu iliyo mwishoni mwa jina ndiyo kiini cha mambo. Reli ya TAZARA ipitayo Makambako ina upana wa milimita 1,067, na Reli ya Kati ya zamani milimita 1,000. Tofauti ni milimita 67 tu, lakini behewa la njia moja haliwezi kuendelea katika njia ya pili. Vivyo hivyo, so.3 na so.5 ni maktaba mbili tofauti ingawa zina jina moja. Toleo la so.5 lilikuja mwaka 2018, pamoja na toleo la 8 la GCC, yaani kifasiri kinachogeuza Fortran kuwa lugha ya mashine. Wakati huo, namna ya kuyaeleza majedwali ndani ya kumbukumbu ya kompyuta ilibadilishwa.

Basi mwalimu na aanze kwa amri ldd, ikifuatwa na jina la programu. Amri hiyo huorodhesha maktaba zote zinazohitajika na kuonyesha ambazo hazikupatikana. (Isitumiwe kwa programu ambayo asili yake haiaminiki, kwani yaweza kuiendesha.) Wakati mwingine maktaba imo ndani ya kompyuta, ila mahali ambapo mfumo hautafuti, ikiwa iko katika folda iliyomo kwenye orodha ya mfumo, amri ldconfig, itolewayo na msimamizi, hutosha. Wakati mwingine faili lipo ila ni la biti 32, na programu ni ya biti 64. Mfumo hulipita kimya na kusema halipo, jambo linalowachanganya hata wazoefu.

Ikiwa kweli haipo, ipatikane so.3 yenyewe, yaweza kukaa kando ya so.5 bila ugomvi, kwa kuwa majina yao hayafanani. Mahali pasipo na intaneti, vifurushi huweza kupakuliwa mjini Makambako au Njombe na kuletwa kwa flashi, mradi viwe vya toleo lile lile la Linux lililomo katika kompyuta ya shule. Kama maandishi asilia ya programu yapo, kuyafasiri upya kwa GCC ya kompyuta hiyo ni bora zaidi.

Kuna njia ya mkato inayopendwa mno: kuibandika so.5 jina la so.3. Maktaba ya Fortran ina alama za toleo ndani yake, hivyo hila hiyo hugunduliwa na programu hukataa tena. Lakini maktaba nyingine hazina alama hizo. Programu yaweza kuanza vizuri kabisa, ikasoma jedwali vibaya na kutoa wastani wa mvua usio wa kweli, na darasa zima likaunakili.

Kwa hiyo, ldd ikishaonyesha kwamba maktaba zote zimepatikana, kazi haijaisha. Wanafunzi wajumlishe kwa mkono mvua ya miezi 12 ya mwaka mmoja, kisha programu ipewe vipimo hivyo hivyo, na majibu mawili yalinganishwe ubaoni kabla ya kuingizwa miaka iliyobaki.